Klipu Ndogo, Hasara Kubwa

Juma hili naomba tuiname kidogo tuchungulie chini ya gari. Majuzi nilikuwa Kaole, kijiji chenye magofu ya tangu karne ya 13, kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Pale nilimkuta kijana dereva wa teksi ambaye gari lake lilikuwa likilia ka-ka-ka kila anapokata kona. Draivu shafti ilikuwa imekwisha. La ajabu ni kwamba buti lake la raba lilikuwa zima. Kilichoachia ni kifungio, maana fundi alilifunga kwa ukanda wa tyubu badala ya klipu. Sasa kijana huyo anatafuta fedha za shafti, na muda wote gari likiwa limelala hana hesabu ya kumpelekea tajiri.

Peugeot 504 za zamani zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Magari mengi madogo tunayoletewa kutoka Japani, kama Toyota Vitz, huvutwa na magurudumu ya mbele. Nguvu ya injini hupitia shafti mbili, na kila shafti ina jointi mbili, hizo ambazo mafundi huziita sivi jointi. Ndani yake mna vyuma vinavyosuguana katika grisi. Buti huizuia grisi isitoke na mchanga usiingie. Kila buti hufungwa kwa klipu mbili, kubwa upande wa jointi na ndogo upande wa shafti. Kwa hiyo gari moja lina mabuti 4 na klipu 8. Ikilegea moja tu, mzunguko hurusha grisi nje, mchanga huingia, na mchanga ndani ya grisi hugeuka msasa.

Je, tuchague klipu gani? Iliyo bora kwa kazi hii ni ukanda wa chuma wenye kijisikio kinachofinywa kwa koleo lake maalumu. Hubana karibu sawasawa pande zote wala haichomozi sana. Lakini lazima ilingane na kipimo cha buti, na ikishafunguliwa hairudishwi. Kipimo kikikosekana, upo mkanda wa chuma unaovutwa kwa kifaa chake, ukakunjwa na kukatwa ziada.

Klipu ya skrubu, kama ile ya mpira wa rejeta, itakufikisha mjini, lakini isiwe ya kudumu. Kichwa chake ni kizito na huchomoza, na chini ya skrubu haibani sawa na kwingine. Vifungo vya plastiki huweza kulegea kwa joto na mafuta. Waya nao hukata raba.

Tazama pia buti lenyewe. Raba laini ikikazwa kupita kiasi hukatika. Buti la plastiki ngumu huhitaji klipu imara zaidi na mkazo mkubwa zaidi, la sivyo grisi itapenya. Nasi wa pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Dar es Salaam, tuna adui mwingine, nayo ni chumvi ya hewani. Chuma cha kawaida huliwa na kutu upesi, basi dukani ulizia klipu za chuma cha pua.

Kazi ya fundi nayo ina utaratibu wake. Afute grisi mahali buti linapokaa, klipu ilale ndani ya mfereji wake, na kabla ya kukaza ile ndogo ainue mdomo wa buti kwa bisibisi butu ili hewa iliyonaswa itoke. Asiyekuwa na koleo la kazi hiyo aazime. Nyundo na praizi havitoshi.

Ndugu msikilizaji, unaponunua buti fungua boksi dukani uhakikishe klipu zote mbili zimo. Halafu kila mara chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiona madoa meusi ya grisi yametapakaa, usingoje mlio. Bila mlio huenda bado unahitaji grisi, buti na klipu tu. Ukishaanza kusikia ka-ka-ka, jiandae kununua jointi au shafti nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.