Mashine Inayokohoa Baharini: Tazameni Waya Kabla ya Kulaumu Petroli

Kutoka Ngumi kwenda Kismayu, au kupitia Chovai na Chula hadi Ras Kiamboni, mashine ya boti ndiyo gari la wakaazi. Ikizimika wakati wa kaskazi, upepo huisukuma boti kusini-magharibi, na nahodha huenda akajikuta ng'ambo ya mpaka bila ya kukusudia. Nasi askari tukiikuta usiku, hatuwezi kujua papo hapo kama ni ya mvuvi aliyeharibikiwa au ya mtu mwenye nia nyingine.

Mashine ikianza kukohoa na kupungua nguvu, wengi hulaumu petroli. Mara nyingine ni kweli, kwa kuwa petroli ya mapipa huingia maji. Lakini cheche inayoiwasha petroli hutoka kwenye koili na kupita katika waya mnene hadi kwenye plagi, na umeme huo ni wa maelfu ya volti. Ufa mdogo katika mpira wa waya, wenye unyevu na chumvi, waweza kuutorosha hadi kwenye chuma cha mashine. Hapo silinda moja hukosa moto, na iliyobaki hubeba mzigo peke yake. Aghalabu ubaya huo huzidi baada ya umande au rasharasha za mawimbi, kisha hutulia waya ukikauka.

Fungeni boti gatini usiku, ondoeni kifuniko cha juu, hakikisheni hakuna harufu ya petroli, kisha iendesheni mashine gia ikiwa huru. Cheche za samawati zikiruka kando ya waya, ugonjwa umejionyesha wenyewe. Msiushike waya huo wala msiuchomoe mashine ikienda. Wala msiiendeshe nchi kavu bila ya maji, kwani mpira wa pampu yake huharibika upesi.

Msipoona cheche, izimeni na mfungue plagi. Iliyolowa petroli huwa ni ya silinda isiyowaka. Badilisheni nafasi za plagi mbili: hitilafu ikihama na plagi, plagi ndiyo mbovu, ikibaki pale pale, tazameni waya, kofia yake na koili. Ukungu wa kijani ndani ya kofia ni kutu ya shaba.

Waya unaosahaulika zaidi ni ule wa swichi ya kuzimia, penye kamba ya usalama. Ukichubuka na kugusa chuma, mashine nzima hukatika ghafula, na mtu akanunua koili asiyoihitaji. Utepe wa fundi huwafikisha nyumbani tu. Chumvi huendelea kula chini yake.

Chukueni plagi za akiba, spana yake na kasia, na mwambieni mtu wa pwani saa ya kuondoka na mwendako. Mkivushwa mpaka na mkondo, bakini botini, washeni taa, na mtuonyeshe ile plagi iliyolowa pamoja na vitambulisho vyenu.