Majivu ya Jalalani Si Mbolea

Kila mkutano wa mtaa una mtu wa kiti cha nyuma anayenyoosha mkono wakati wenzake wameshaanza kuinuka. "Mtaalamu, tumekusikia. Sasa taka tuchome saa ngapi?" Wengine huja na mapendekezo kabisa: alfajiri kabla watoto hawajaamka, jioni upepo wa bahari ukitulia, au usiku majirani wakiwa wamejifungia ndani. Kazi yangu ni usafi wa mazingira hapa Dar es Salaam, na swali hili nimelijibu kwa upole mpaka upole umeniishia. Hakuna saa. Moshi wa nailoni ni uleule asubuhi na jioni.

Nikishajibu hivyo hufuata swali la pili, ambalo ndilo nataka tulimalize leo: "Lakini majivu si tunayatumia bustanini?" Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mtu anayechoma taka uani hajioni mchafuzi hata kidogo. Anajiona mwenye akili ya uchumi: ameondoa uchafu, amefukuza mbu, na amepata mbolea ya mchicha bila kutoa senti. Faida tatu kwa njiti moja ya kiberiti, na zote tatu ni hewa.

La mbu nitalipitia haraka. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku mwingi, watu wakiwa wamelala, na mbu wa dengue, ugonjwa uliolitikisa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana. Moto wako wa saa kumi na mbili jioni unazimika kabla wa kwanza hajaanza kazi, na wa pili keshamaliza zamu yake kubwa. Kibaya zaidi ni kinachobaki baada ya moto: makopo ya bati, chupa za kioo, vifuu vya madafu vilivyoungua nusu. Mvua za masika zikija, kila kimoja hushika maji, na mbu wa dengue hahitaji zaidi ya kifuniko cha maji kutaga. Kwa hiyo aliyechoma jalala ili kufukuza mbu amewaachia vyombo vya kuzalia.

Sasa majivu. Naanza kwa kukubali kwamba wazee wetu hawakukosea. Majivu ya kuni yana potasiamu na yana chokaa; mimea inahitaji vyote viwili. Walinyunyizia majivu kwenye mboga kuzuia wadudu, walichanganya na mahindi na kunde ghalani ili zisibunguliwe, na walimwaga kiasi kwenye migomba. Lakini tuangalie walichokuwa wanachoma: kuni, makuti, mabua, maganda ya mihogo. Hakukuwa na kingine cha kuchoma.

Nenda kaangalie jalala la nyumba yako leo kabla hujawasha. Kuna ndala zilizokatika, pampasi, pakiti za krispi zenye utando wa alumini, waya, betri za rimoti, vipande vya bomba la plastiki, magamba ya rangi ya ukuta uliokwanguliwa, nguo za nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio havikuondoka nayo. Unachoma haya halafu unayaita majivu, kwa jina lilelile alilotumia bibi yako kwa kilichobaki mekoni. Rangi tu ndiyo inayofanana.

Hata tukijaribu kuwa wakarimu, tuseme umechoma majani na maganda matupu. Bado umepata hasara. Kinachoupa mchicha ule ujani unaouuza sokoni ni naitrojeni, na naitrojeni ndiyo ya kwanza kukimbia moto ukiwaka. Inatoka na moshi. Majani uliyofagia chini ya mwembe yalikuwa nayo. Majivu yake hayana cha maana. Umechukua mbolea uliyopewa bure, ukaitupa angani, ukabaki na chumvi na chokaa.

Kuna wanaojua kwamba majivu peke yake hayatoshi, kwa hiyo huyachanganya na samadi ya kuku "kuyaongezea nguvu". Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu limefundishwa na watu wanaojiita wataalamu wa kilimo cha mjini. Majivu ni ya kialikali, makali kama magadi. Yakikutana na samadi mbichi yenye unyevu, naitrojeni iliyomo inageuka kuwa hewa ya amonia na kuondoka. Ile harufu inayokuchoma pua na kukutoa machozi unapokoroga mchanganyiko ule, ambayo muuzaji hukwambia ndiyo dalili kwamba mbolea "imekubali", ni mbolea yenyewe inakuaga. Ukiacha kusikia harufu, imeshakwisha.

Chokaa nayo ina kipimo chake. Shamba lenye udongo wa asidi, kama yale ya nyanda za juu zenye mvua nyingi, linaweza kushukuru kwa majivu kidogo ya kuni. Lakini sehemu nyingi za ukanda wetu wa pwani zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu. Ukiongeza majivu msimu baada ya msimu kwenye tuta la namna hiyo, mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Majani machanga yanageuka manjano na mishipa inabaki kijani. Mkulima anaona manjano, anadhani mmea una njaa, anaongeza majivu.

Sasa nirudi kwenye betri na rangi. Risasi, madini yenye sumu yanayoweza kuwamo humo, haiungui. Moto unaondoa karatasi na plastiki zilizoizunguka na kuiacha imejikusanya kwenye majivu, nyingi kwa kilo kuliko ilivyokuwa kwenye taka. Watu hudhani hatari ni mizizi kuinyonya. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa haipiti kwenye mizizi. Tone la mvua au la ndoo ya kumwagilia linapopiga tuta, vumbi linaruka na kuganda juu ya jani, na mchicha ni mboga fupi yenye majani mapana. Vumbi hilohilo linashikwa na vidole vya mtoto anayecheza kando ya tuta. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama.

Halafu kuna dayoksini, sumu zinazozaliwa vitu vyenye klorini, kama mabomba ya plastiki na waya, vinapoungua kwa moto hafifu. Tanuri za kisasa za kuchomea taka hutakiwa kushikilia hewa yake kwenye nyuzi 850 za Selsiasi kwa angalau sekunde mbili, kisha moshi upite kwenye vichujio. Lundo la uani linafukuta tu, na kufukuta ndiko kunakozizalisha. Tanzania imeridhia Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaotaja uchomaji wa taka hadharani kama mojawapo ya vyanzo vya sumu hizi. Wengi wetu tunahofia kuzivuta kwa pua, lakini zaidi ya asilimia 90 ya dayoksini inayomfikia binadamu inapitia chakulani, hasa vyakula vyenye mafuta: nyama, maziwa, samaki, mayai. Kuku wa kienyeji anayeparua majivu yako siku nzima anaziweka kwenye kiini cha yai. Kesho unamchemshia mtoto yai hilo kwa sababu ni la asili.

"Mbona mchicha wangu unastawi?" Unastawi kwa sababu unaumwagilia asubuhi na jioni na kwa sababu jua la Dar halina ubahili. Mchicha hauumwi risasi. Kustawi kwake hakukwambii chochote kuhusu anayeula.

Sitawaachia wananchi lawama zote. Tangu maadhimisho ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba 2015 yalipogeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, tumezoea usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunafagia, tunakusanya, viongozi wanapigwa picha na mafagio. Ikifika saa nne, malundo yamebaki kando ya barabara na kwenye viwanja vya wazi, gari halionekani, na mtu anatoa kiberiti. Mara nyingi lundo lenyewe limeegemezwa kwenye shina la mwarobaini uliopandwa na halmashauri hiyohiyo, na gome likishaungua kuzunguka shina, mti huo hauna maisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Halmashauri inayomwambia mama atenganishe taka kwenye ndoo mbili, kisha ikaleta gari moja linalozichanganya mbele ya macho yake, imemfundisha kwamba kutenganisha ni ujinga. Itachukua muda kumfundisha upya.

Lakini kushughulikia taka bila kuchoma kunawezekana. Kinondoni ina kiwanda cha mboji pale Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachogeuza taka za masokoni kuwa mbolea. Hakichomi kitu.

Nyumbani fanya hivi. Ndoo mbili: ya kuoza na ya visivyooza. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni za kuoza, kwa hiyo ndoo ya kwanza ikishughulikiwa, tatizo limepungua nusu. Tafuta kona yenye kivuli, rundika maganda ya ndizi, mihogo na machungwa pamoja na majani makavu au maranda, makavu yakiwa mengi mara mbili au tatu kuliko mabichi. Usiweke nyama, samaki, mafuta wala pampasi. Lundo likifikia mita moja kila upande litapata joto lenyewe, nyuzi 55 hadi 65, linaloua mbegu za magugu. Geuza kila wiki au mbili. Chukua gao moja la lundo hilo ukamue: yakitoka matone machache unyevu unatosha, yakichuruzika ongeza makavu. Miezi miwili hadi mitatu unapata mboji nyeusi inayonukia udongo. Huna uwanja? Tumia kiroba kilichotobolewa, au mpe mwenye bustani jirani. Makumbi ya nazi yanachelewa mno kuoza. Yatandaze kwenye matuta yashike unyevu. Chupa za plastiki na vyuma chakavu usitupe, wapo wanaopita kununua. Betri ziweke kando kwenye kopo lenye mfuniko, zisiguse moto wala udongo. Majivu ya jiko la mkaa au kuni unaweza kuyatumia, gao moja moja, si pamoja na samadi, na si kwenye udongo wa matumbawe.

Mabaki mengine yote ni ya gari la taka. Ukilipa ada, dai risiti. Gari lisipokuja, nenda kwa afisa mtendaji wa mtaa uombe kuona mkataba wa mzabuni na ratiba yake: siku gani, njia ipi, mara ngapi kwa wiki. Omba kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.