Baridi ya Upare na mkono wa serikali

Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapopandisha ukungu mpaka Chome, Vunta na Mbaga, nyumba za Upare ya juu huanza kula nishati nyingi kuliko kawaida. Same mjini, kule chini kwenye barabara kuu ya Tanga hadi Moshi, mtu anatembea na shati lake jepesi. Saa hiyohiyo, kwenye miteremko ya Shengena, kilele cha mita 2,462, watoto wanaoga maji yaliyochemshwa na moto unakokwa mara mbili zaidi. Anayepanga bajeti ya wilaya kwa kutazama joto la Same mjini hawezi kuiona gharama hiyo.

Swali ninaloulizwa kila msimu huu ni kama lipo fungu la serikali la kumsaidia mtu gharama za baridi. Halipo. Uingereza wanalo: tangu 1997 wazee hupewa malipo ya mafuta ya majira ya baridi, na serikali ilipoyapunguza 2024 zilipigwa kelele hata mwaka uliofuata ikawarudishia wengi wao. Marekani nao wana mpango wao tangu 1981. Kwetu hakuna ruzuku yenye jina la baridi. Fedha za TASAF kwa kaya maskini unaweza kuzinunulia kuni au gesi ukitaka, ila hazitolewi kwa ajili hiyo na hazipandi ukungu ukishuka.

Tulicho nacho ni ruzuku za nishati kwa jumla, na mwananchi afahamu tabia yake moja: karibu zote zinakupokea mlangoni, kisha zinakuacha uendelee mwenyewe.

Chukua umeme. Kijijini, kuunganishwa ni shilingi 27,000 tu, wakati mjini mteja wa kawaida aliye karibu na nguzo hulipa 320,960. Huo ni msaada mkubwa, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) anastahili sifa. Lakini 27,000 hailipii wayaringi ya ndani. Nyumba ndogo isiyo na wayaringi inaweza kutumia kifaa kiitwacho UMETA, chenye swichi na soketi zake tayari, na ni vizuri ukiulizia kabla hujamwita fundi. Tatizo lingine ni umbali. Milimani nyumba hazikupangwa kwa mistari. Moja iko juu ya ngema, nyingine ng'ambo ya kijito. Ukiwa zaidi ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, hesabu inabadilika. Majirani wakipeleka maombi pamoja ili nguzo isogezwe, wanasikilizwa haraka kuliko mmoja mmoja.

Ukishawashiwa, kuna msaada mmoja unaoendelea mwezi hadi mwezi, nao ndio watu wanaoufahamu vibaya kuliko yote. Ni kundi la D1. Mteja wa nyumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inakuwa 122. Uniti zote 75 zinakugharimu 9,150. Mteja wa kundi la kawaida, T1, hulipa 292, yaani kama 356 pamoja na kodi na tozo. Tofauti ni karibu mara tatu.

Mtego uko hapa. Ukivuka uniti 75 ukiwa D1, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, karibu 427 baada yake. Ni ghali kuliko hata T1. Na mfumo wa Luku, wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, unahesabu ulichonunua ndani ya mwezi, si ulichotumia. Mkulima aliyeuza tangawizi yake Mamba Miamba, akaona bora anunue umeme wa miezi mitatu kwa mkupuo maana fedha ipo, amejiadhibu mwenyewe. Anunue kidogokidogo, kila mwezi fungu lake. Ukizidisha kwa miezi mfululizo, unaweza kuhamishiwa T1, na kurudi D1 kunahitaji maombi na subira.

Baridi ndiyo inayowatoa watu D1. Hita ya bafuni ya kilowati 5, ikiwaka dakika kumi, inakula uniti 0.8. Familia ya watu watano wakioga nayo kila siku wanamaliza uniti 4 kwa siku, 125 kwa mwezi, hata taa hazijahesabiwa. Uniti 50 za ziada hapo ni zaidi ya shilingi 21,000. Kwa kaya ya D1, hita hiyo ni anasa, nasema bila kupepesa macho. Maji ya kuoga yachemshwe kwa moto ule uliopikia.

Sasa tazama makande. Mpare bila makande ni nani? Na mahindi na maharage ndivyo vinavyotafuna kuni kuliko chakula kingine: sufuria hukaa mafigani saa tatu na zaidi. Kwenye gesi makande yanamaliza mtungi mdogo upesi, ndiyo maana akina mama wengi wana mtungi wa chai na mboga, huku makande yakirudi kwenye mafiga. Jiko la presha la umeme linafanya kazi hiyo kwa muda mfupi zaidi. Tuseme, kwa kuzidisha, kila pishi linakula uniti moja, nawe unapika siku moja unaruka moja: ni uniti 15 kwa mwezi, shilingi 1,830 kwa bei ya D1. Bado umebakiwa na uniti 60 za taa, simu na redio. Bei ya jiko lenyewe ndiyo kikwazo, na hapa kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) kinafaa kuliko kusubiri msaada.

Kuhusu gesi, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa ajili hiyo REA ilipanga kusambaza mitungi 452,445 ya kilo 6 kwa nusu bei Tanzania Bara, wastani wa mitungi 3,255 kila wilaya. Same ina watu wapatao laki tatu. Piga hesabu mwenyewe. Mnunuzi hutakiwa kuja na kitambulisho cha NIDA, basi asiye nacho aanze kukifuatilia leo kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu ugawaji ukitangazwa hauwasubiri wanaojaza fomu. Yapo pia majiko banifu ya ruzuku, ambayo kwa nyumba ya mlimani nayaona yana faida kuliko mtungi: yanapunguza kuni na bado yanapasha jiko joto, kitu ambacho gesi haiwezi.

Mtungi ukiisha, nusu bei imekwisha. Unajaza kwa bei ya duka, na juu yake nauli ya bodaboda kutoka barabarani hadi juu. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila mwezi. Gesi ya mitungi haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mtungi wa ruzuku ukionekana umegeuzwa kiti cha jikoni, usimlaumu mama. Mpango wenyewe ulisahau mwezi wa pili.

Jambo moja haliwezi kungoja sera. Usiku wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala moja kwa moja. Jiko lolote la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, hata likionekana limezimika. Moshi wa kila siku nao unaua polepole: serikali yenyewe inakadiria vifo vinavyotokana na moshi wa kupikia kuwa takribani 33,000 kwa mwaka nchini.

Kwa madiwani na wabunge wa Same Mashariki na Magharibi, ombi langu ni moja na halihitaji mitungi mipya: ruzuku ihamie kwenye kujaza, angalau kwa kata za juu, angalau Juni hadi Agosti. Na wewe msomaji, kabla ya Juni, chukua namba ya mita yako uende ofisi ya TANESCO uulize uko kundi gani. Kama ni T1 na matumizi yako hayafiki uniti 75, omba kuhamishiwa D1. Ni haki yako, ila hakuna atakayekuletea nyumbani.