Kumchagulia Mtoto Kitabu cha Sayansi

Mtoto mwenye umri baina ya miaka 9 na 13 yumo katika kipindi cha pekee. Amekwisha kujua kusoma bila kusaidiwa, na bado haoni haya kuuliza. Huuliza kwa nini moto huelekea juu, umeme hutoka wapi, na kama wanyama hufikiri. Akipata kitabu kinachofaa katika miaka hiyo, maswali yake hukua na kuwa elimu. Asipokipata, aghalabu huingia sekondari akidhani kwamba sayansi ni orodha ya maneno ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito zaidi. Watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na fizikia, kemia na baiolojia kwa Kiingereza wafikapo kidato cha kwanza. Aliyekwisha kuelewa kwa lugha aliyoizoea jinsi mshumaa unavyowaka ana mzigo mmoja tu: kujifunza majina mapya ya mambo anayoyajua. Asiyeelewa hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Makala haya yanapendekeza vitabu vitatu, na yanaeleza sababu za kuvipendekeza, ili mwalimu aweze kupima kwa sababu hizo hizo kitabu kingine chochote kitakachomfikia. Vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake ndio daraja la kuvifikisha kwa wadogo zao.

Mshumaa wa Faraday

Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mwana wa mhunzi. Shule aliisoma kidogo tu. Alipofika umri wa miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa mjalidi wa vitabu mjini London, na huko akajizoeza kusoma vitabu vilivyoletwa kujalidiwa. Kimojawapo kiliandikwa na Jane Marcet, aliyeeleza kemia kwa njia ya mazungumzo baina ya mwalimu na wasichana wawili. Faraday hakuridhika kuamini tu. Alifanya majaribio madogo aliyoweza kuyagharimia, akaona kwamba kitabu kilisema kweli. Mwaka 1813 aliajiriwa katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya mjini London. Na mwaka 1831 akagundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo.

Faraday hakuwasahau watoto. Katika majira ya Krismasi ya mwaka 1860 aliwapa vijana mihadhara sita juu ya mshumaa, ikachapishwa mwaka 1861 kwa jina la The Chemical History of a Candle. Kitabu kizima kinahusu kitu kimoja kinachopatikana katika kila duka la kijijini. Kwa nini nta iliyoyeyuka hupanda katika utambi? Ni nini hasa kinachowaka, nta au mvuke wake? Mshumaa ukiisha, nta imekwenda wapi?

Kila swali hujibiwa kwa jaribio. Mshumaa ukizimwa taratibu, moshi mweupe hupanda. Njiti iwakayo ikisogezwa kwenye moshi huo, mwali huruka na kuurudia utambi ambao haukuguswa. Hapo mtoto huona mwenyewe kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta. Glasi baridi na kavu ikishikwa juu ya mwali hupata ukungu, nayo ni dalili kwamba maji hutokea katika kuungua. Mhadhara wa mwisho huonyesha kwamba pumzi ya mwanadamu na moshi wa mshumaa vyote vina kaboni dayoksaidi, na vyote huyageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Majaribio ya moto, bila shaka, yafanywe mbele ya mtu mzima.

Kasoro ya kitabu hiki ni ukale wake. Sentensi ni ndefu, na baadhi ya majina ya vitu hayatumiki tena. Mwalimu achague sehemu zinazofaa, hasa mhadhara wa kwanza na wa mwisho. Faida yake ni kwamba muda wa haki ya mwandishi umekwisha zamani, na kwa hiyo kila mtu yu huru kukifasiri kwa Kiswahili.

Msitu wa Gombe

Kitabu cha pili ni My Life with the Chimpanzees, alichowaandikia vijana Jane Goodall mwaka 1988. Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika Gombe, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwezi Julai mwaka 1960. Wakati huo hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na darubini, daftari na subira. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia. Hatimaye mmoja wao alianza kumzoea, na kabla mwaka haujaisha Goodall alikuwa amewaona sokwe wakichomeka vijiti na majani katika kichuguu ili kuwavua mchwa, na hata wakipukutisha majani ya vijiti ili vifae kwa kazi hiyo. Kabla ya hapo wataalamu wengi walishikilia kwamba ni mwanadamu peke yake anayetengeneza zana.

Kitabu kinaanzia utotoni mwa mwandishi. Alipokuwa mtoto mdogo alijificha ndani ya banda la kuku kwa saa kadhaa, kwa sababu alitaka kujua yai hutokea wapi. Nyumbani walimtafuta kwa hofu. Alipotokea mbio, mwenye manyasi nywelani, mama yake hakumkemea, bali aliketi kusikiliza habari ya yai. Kisa hicho ni funzo kwa kila mzazi na mwalimu: utafiti wa Gombe ulifanywa kwa subira ile ile iliyoonekana bandani.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba Goodall alivutwa kuja Afrika na vitabu vya hadithi za kubuni, vikiwamo vya Doctor Dolittle, tabibu aliyesema na wanyama. Kwa hiyo mwalimu asidhani kwamba hadithi na sayansi ni maadui. Mtoto anayependa ngano za sungura na fisi amekwisha kuanza kuwatazama wanyama. Kitabu kizuri humwonyesha jinsi ya kuwatazama kwa makini zaidi.

Upepo wa Wimbe

Kitabu cha tatu ni The Boy Who Harnessed the Wind, cha William Kamkwamba wa Malawi na Bryan Mealer. Kilitoka mwaka 2009, na toleo la wasomaji wadogo likafuata mwaka 2015. Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987, akakulia katika familia ya wakulima wilayani Kasungu. Njaa kubwa ya miaka ya 2001 na 2002 ilipoikumba nchi, wazazi wake hawakuweza kulipa karo, naye akaacha sekondari. Ili asibaki nyuma ya wenzake, aliazima vitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Humo alikuta kitabu cha kiada cha Kimarekani kiitwacho Using Energy, chenye picha ya mitambo ya upepo kwenye jalada lake.

Kiingereza chake kilikuwa haba. Alitazama michoro kwanza, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyoieleza. Akaokota feni ya trekta na vyuma chakavu, akatumia fremu ya baiskeli, akapasha moto mabomba ya plastiki na kuyanyoosha yawe mapanga. Watu walisema ana wazimu. Mwaka 2002 mtambo ulizunguka juu ya mnara wa miti na kuwasha taa nyumbani kwao. Baadaye alirudi shuleni, na mwaka 2014 akahitimu Dartmouth College, nchini Marekani.

Umeme wa mtambo ule ulitoka katika dainamo ya baiskeli. Ndani ya dainamo mna sumaku inayozunguka karibu na waya uliozungushwa, nao ndio ugunduzi wa Faraday wa mwaka 1831. Kijana mmoja alisoma kitabu katika karakana ya mjalidi. Baada ya miaka mia mbili hivi, kijana mwingine alisoma kitabu katika maktaba ya kijiji, akautumia ugunduzi wa yule wa kwanza. Wala hakuna kati yao aliyeagizwa na mtu kukisoma.

Kwa kuwa kitabu hiki kinaeleza njaa bila kuficha, kinawafaa zaidi watoto waliofikisha miaka 10.

Vipimo vya kuchagulia

Kutokana na vitabu hivi vitatu, mwalimu anaweza kupima kitabu kingine kwa maswali manne.

Kwanza, je, kitabu kinaeleza jinsi jambo lilivyojulikana, au kinatangaza jibu tu? Pili, je, kinampa mtoto kazi ya kufanya kwa vitu vinavyopatikana alipo? Tatu, je, michoro yake inafundisha, kiasi kwamba asiyejua maneno yote aweze kuifuata? Nne, je, kinakiri kwamba watafiti hushindwa, huchekwa na hungoja? Kitabu chenye rangi nyingi na jalada la kupendeza lakini kisichojibu hata swali moja kati ya haya hakistahili fedha ya shule.

Kazi ya shule

Uhaba wa vitabu si sababu ya kukaa bure. Nakala moja inatosha darasa zima ikiwa mwalimu ataisoma kwa sauti na kuieleza kwa Kiswahili, nusu saa kila wiki. Klabu ya sayansi ya sekondari inaweza kugawana mhadhara wa kwanza wa Faraday, kila mwanachama akafasiri ukurasa mmoja, kisha wakaupeleka katika shule ya msingi ya jirani pamoja na mishumaa na glasi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atakayefanya hivyo atapata faida maradufu, maana asiyeelewa jambo hawezi kulifasiri kwa lugha yake. Vitabu vya Goodall na Kamkwamba bado vina haki za wenyewe. Hivyo visomwe na kusimuliwa darasani, bali tafsiri ya kuchapishwa ihitaji idhini.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa darasa la tano atakayeuona mwali ukiruka juu ya moshi leo atafika kidato cha kwanza akiwa na jambo la kumweleza mwalimu wake.