Surua Nayo Hupita Kizuizini

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 vimewafundisha askari wa mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado kumtambua adui anayejificha. Lakini yuko adui mwingine apitaye kizuizini bila kusimamishwa, akiwa amebebwa mgongoni mwa mama. Adui huyo ni surua.

Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia Quitunda na Pemba. Mahali watu waliporundikana na chanjo ikakatizwa, surua hupata nafasi. Huenea kwa hewa; kati ya watoto 10 wasio na kinga wanaoishi na mgonjwa, takriban 9 huambukizwa.

Surua huanza kama mafua: homa kali, kikohozi, makamasi na macho mekundu. Baada ya siku chache vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha huteremka mwilini hadi miguuni. Tetekuwanga ni tofauti: vipele vyake huwasha na kujaa maji, na vipya huchanganyika na vilivyokauka. Mara nyingi hupona bila dawa, ila mtoto asipewe aspirini. Wala isidhaniwe kuwa ni ndui, kwani ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, kwa nguvu ya chanjo.

Mtoto mwenye surua hunyonyeshwa na kunyweshwa mara kwa mara, na hutengwa na wenzake hadi siku 4 zipite tangu vipele kutokea. Apelekwe kituo cha afya apewe vitamini A siku 2 mfululizo, ambayo huyalinda macho na kupunguza vifo. Akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya, akipatwa na degedege au akilegea, hali hiyo haingoji mapambazuko.

Hapo ndipo wajibu wa askari unapojitokeza. Ukaguzi ni wa lazima, lakini mama mwenye mtoto wa namna hiyo akaguliwe kwanza, kando ya msururu, kisha aruhusiwe kwenda upesi. Kumchelewesha ni kumsaidia adui. Kumsimamisha katikati ya watoto wengine ni kueneza maradhi.

Na watoto wa askari wenyewe wasisahauliwe. Nchini Msumbiji chanjo ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na tena miezi 18. Mlinzi wa raia hana budi kuanza na nyumba yake.