Aliye Kimya Atangulie

Asubuhi ya Jumatatu katika hospitali ya wilaya, mabenchi ya mapokezi yamejaa akina mama na watoto mapajani. Mmoja analia kwa nguvu zake zote, amechemka mwili, machozi na kamasi vimechanganyika usoni. Macho yote yako kwake. Nyuma yake kuna mwingine aliyefunikwa kanga, kichwa kimelala begani mwa mama yake, na jirani anamsifu kwa upole. Muuguzi aliyefundishwa kazi hii atampita yule mwenye kelele na kwenda kuifunua ile kanga. Anayelia anapumua, na ubongo wake unapata damu na sukari ya kutosha kumfanya akasirike. Aliyenyamaza hajulikani alipo mpaka aguswe.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba vifo vingi vya watoto hospitalini hutokea ndani ya saa 24 za kwanza tangu wafike. Maana yake ni kwamba mama alifanya wajibu wake. Alipata nauli, akafika, mtoto akiwa hai. Kisha akaambiwa akae kwenye foleni. Foleni ni utaratibu wa haki kwenye mashine ya kusaga unga, ambako aliyewahi ndiye anayestahili kutangulia. Kwa mtoto mgonjwa haina haki yoyote, kwa sababu saa ya kufika haisemi lolote kuhusu muda aliobaki nao.

Tena mwili wa mtoto mdogo huficha ugonjwa hadi mwishoni. Anapopoteza maji au damu, moyo huongeza kasi, mishipa ya mikono na miguu hubana ili damu ibaki kwa ubongo na moyo wenyewe, na presha huendelea kusoma kawaida kwa muda mrefu. Ikianza kushuka, nafasi ya kumwokoa imeshakuwa finyu. Njia yake ya hewa nayo ni nyembamba. Chukua njia yenye upana wa milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 kuizunguka unaiacha na milimita 2 tu, na kwa hesabu ya fizikia ugumu wa hewa kupita unaongezeka mara 16. Ndiyo maana mafua yanayompigisha baba chafya yanaweza kumchosha mtoto wa miezi mitatu mpaka akaacha kunyonya.

Jibu la tatizo hili lina jina la herufi nne, ETAT, na mwongozo wake wa mafunzo ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2005. Linadai kila mtoto aangaliwe pale pale anapoingia, kabla ya kadi na kabla ya malipo, kisha awekwe katika moja ya makundi matatu: anayetibiwa sasa hivi, anayepelekwa mbele ya foleni, na anayeweza kusubiri. Sehemu muhimu ya kazi iliyolijenga ilifanyika Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre. Daktari wa watoto Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya safari ya mgonjwa kutoka mlangoni hadi kitandani, wakawafundisha watumishi kuchambua watoto kwa uzito wa hali zao. Vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo awali vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na kwangu mimi yanatosha kumaliza ubishi wa wanaosema hospitali zetu haziwezi kuokoa watoto zaidi mpaka ziletewe mitambo.

Mtazame muuguzi mzoefu akifanya kazi hii. Hamchukui mtoto kutoka kwa mama yake, maana akilia hesabu yote ya pumzi inaharibika. Anainua shati taratibu na kuangalia chini ya mbavu. Kwa kawaida mtoto akivuta pumzi, kifua na tumbo hupanda pamoja. Kwa mwenye nimonia kali, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani wakati hewa inaingia. Kisha anatazama saa na kuhesabu dakika nzima bila kukatisha, kwa kuwa watoto wadogo hupumua mara haraka mara polepole, na mwenye kuhesabu sekunde 15 akazidisha mara nne hudanganyika. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa asiyetimiza mwaka, 40 kwa asiyetimiza miaka mitano: hapo kupumua ni kwa haraka mno. Viwango vya namna hii vina mizizi katika tafiti kama za Frank Shann huko Papua New Guinea miaka ya 1980, mahali ambapo haikuwezekana kumpiga eksirei kila mtoto mwenye kikohozi.

Halafu mikono. Ikiwa na joto, mzunguko wa damu uko salama na muuguzi anaendelea. Ikiwa ya baridi, anabonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde tatu hadi upauke, anaachia, anahesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, na mapigo ya mshipa yakiwa dhaifu na ya kasi, damu haimfikii mtoto huyu ipasavyo. Anamwita kwa jina. Je, anageuka? Anashtuka akifinywa tu? Au hata hilo hapana? Hayo yote hayachukui zaidi ya dakika chache, wala hayahitaji umeme.

Mtoto aliyepoteza fahamu au anayetikiswa na degedege hupimwa sukari papo hapo. Majumbani degedege bado huhusishwa na mashetani, na safari ya kwanza mara nyingi huwa kwa mganga. Hospitalini, tone moja la damu huonyesha kama sukari imeshuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita, jambo linalotokea sana kwa mwenye malaria kali, kwa kuwa akiba ya sukari katika ini la mtoto huisha upesi. Dawa ni maji ya glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, kwenye mshipa. Wapo wanaofumbua macho sindano ikiwa bado mkononi mwa daktari.

Kutambua hatari ni nusu ya kazi, na nusu ya pili iliwahi kutushangaza sote. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutomfikia vizuri alifunguliwa dripu ya kasi, maji mengi kwa muda mfupi. Ilionekana jambo lisilohitaji ushahidi. Kathryn Maitland, anayefanya utafiti Kilifi, aliongoza jaribio lililoitwa FEAST katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watumishi walifundishwa kwanza uchambuzi wa dharura. Watoto wenye kuhara, utapiamlo mkali au majeraha ya moto hawakuingizwa. Matokeo ya watoto 3,141 yalichapishwa mwaka 2011: kati ya waliopewa maji ya kasi, karibu 10.5 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya waliopewa dripu ya polepole tu, ni 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati ili mtoto mwingine asidhurike. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya uliobana matumizi ya maji ya kasi. Miaka mitano ni mingi kwa jambo linalogusa uhai, na nasikitika kwamba ushahidi uliotoka Muheza na Soroti ulilazimika kungoja kiasi hicho.

Kifaa kimoja cha umeme nakipigania kila nikipata nafasi: kile cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Upungufu wa oksijeni ni mgumu kuonekana kwenye ngozi nyeusi, na ubluu wa ulimi huja umechelewa. Kikisoma chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni. Nacho kina kasoro yake. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa watu wazima weusi kilikosa kugundua upungufu karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kwa hiyo namba nzuri kwenye kioo isimzuie mtu kuamini kifua kinachobonyea mbele ya macho yake.

Na isimzuie kumsikiliza mama. Nchini Ubelgiji, katika jimbo la Flanders, watafiti walifuatilia watoto 3,890 waliofikishwa kwa madaktari na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Hisia ya daktari kwamba kuna jambo baya, hata pale dalili zilipoonekana za kawaida, ilistahili kuheshimiwa, na miongoni mwa vilivyoichochea sana ni mzazi aliyesema ugonjwa huu si kama aliozoea. Mama anayesema "hajawahi kuwa hivi" ametoa taarifa ya kitabibu. Iandikwe kwenye kadi kama inavyoandikwa homa.

Basi wewe mwenye mtoto, usione haya kuvunja foleni. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akipumua huku kifua kinabonyea, akilegea asiamke vizuri, viganja vikiwa vyeupe, au akiwa na umri usiotimiza miezi miwili na anaumwa, simama uende kwa muuguzi wa kwanza unayemwona na useme dalili yenyewe kwa jina lake. Ukisema "anaumwa sana" utajibiwa kwamba wote hapa wanaumwa. Sema "kifua kinabonyea." Sema "hanyonyi tangu jana." Na ukiwa umekaa tu benchini na wako anaendelea vizuri, mwangalie mtoto wa jirani yako, na kama amelegea mpishe apite mbele.