Kilindoni, mji wa dagaa na papa potwe

Wageni wengi wa Mafia huiona Kilindoni kupitia kioo cha gari. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam ikishatua, wanapakiwa na kupelekwa Utende, upande wa pili wa kisiwa, kwenye hoteli na matumbawe ya Ghuba ya Chole. Hawajakosea sana, maana huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini Tanzania, inayolinda kilomita za mraba 822 tangu 1995. Ila kiumbe mkubwa kuliko wote wamemwacha nyuma, mbele ya ufuko wa wavuvi.

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na akikomaa anaweza kupita mita 12. Wa Kilindoni wengi ni madume machanga, lakini hata hao wanatosha kumfanya mtu mzima ashike ubavu wa boti kwa mikono miwili. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi husogea karibu na pwani, wakipanua midomo juu ya maji kufyonza uduvi. Utafiti uliochapishwa 2015, wa vifaa vya sauti walivyofungwa samaki wenyewe, ulionyesha kuwa msimu ukiisha wengi hawahami: hubaki eneo lilelile, mbali kidogo na ufuko na kwenye maji ya kina zaidi. Kila mmoja hutambulika kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua yake.

Uduvi huohuo huliwa pia na dagaa, na dagaa ndio riziki ya mji. Kwa hiyo mvuvi akiona pezi la potwe anajua pa kuzungushia nyavu, na mara nyingine potwe mwenyewe hujikuta ndani. Mvuvi hana haja naye, humwachia atoke. Lakini nyavu zinaweza kuchanika, naye anaweza kuumia. Hapo ndipo Kilindoni inapotofautiana na mbuga ya wanyama: mgeni anayeruka majini na miwani yake anaingia kazini kwa watu. Boti yake na ikae kando, naye aogelee pembeni ya samaki bila kumgusa wala kumkatia njia.

Visiwa vidogo vya jirani vinastahili siku zao. Chole wanalala popo wala matunda ambao hupatikana pia Komoro. Jioni huruka kwenda kutafuta chakula. Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava wa Madagaska karne ya 19, na upande wa mashariki kasa hutaga mayai mchangani. Walinzi wa viota kutoka vijijini huhesabu siku, maana mayai huchukua miezi miwili hivi, na ndio wanaoweza kumwambia mgeni vifaranga vitatoka lini.

Asiyetaka ndege ana kivuko cha Nyamisati, wilayani Kibiti, kinachopita kando ya mikoko ya delta ya Rufiji. Kina faida moja ambayo ndege haina: kinamshusha abiria ufukoni Kilindoni, hatua chache kutoka kwa wavuvi wanaojua potwe wameonekana wapi leo asubuhi.